Mbio ya Kumi na Moja

Brackby, 31 Agosti 1986

Mdogo wangu Alun,

Nesi aliyepokea simu kaniambia wageni bado ni ndugu wa damu tu, na kwamba dada yako yuko hapo kila siku anakusomea magazeti. Basi nawasalimu wote wawili kwa mpigo. Menna, uniwie radhi kwa mwandiko. Mimi ni mchomeleaji wa kiwanda cha sukari, si karani.

Uwanjani wote wanakuulizia. Doreen wa kibanda cha chai kaweka picha yako karibu na birika na hataki mtu aiguse hata kwa kuifuta vumbi. Jumapili iliyopita tuliwakaribisha wale wa pwani ya kusini. Mvua ilianza mbio ya nane, udongo ukawa uji, na Bwana Ackroyd akashuka mwenyewe na koleo, ndani ya suti yake ya kipromota, kuzibua mfereji. Mashabiki wakamzomea: "Ackroyd, panda pikipiki basi!" Tulishinda kwa alama sita.

Nafasi yako tulipewa mwendeshaji wa kuazima, maana kanuni inaruhusu. Jumamosi alikuwa na timu yake, Jumapili kavaa jezi yetu yenye mbweha, Jumatano sijui atavaa mnyama gani. Alikuwa hajui hata majina yetu. Aliniita "wewe wa kofia nyekundu" mpaka mwisho.

Najua utauliza kuhusu siku ile. Ilikuwa cheni. Tunatoka kona ya mwisho, cheni ikakatika, pikipiki ikanifia mikononi, nawe ulikuwa nyuma yangu. Ndivyo ilivyokuwa, hakuna zaidi. Usikisumbue kichwa chako na mambo hayo. Pona kwanza.

Kaka yako,
Nev Garside


Wodi ya Uti wa Mgongo, 14 Septemba

Kaka Nev,

Mikono ni ya Menna, mdomo ni wangu. Nikitukana yeye anaweka nukta tu, kwa hiyo ukiona nukta nyingi ujue siku ilikuwa mbaya.

Nimelala chali. Wamenitoboa fuvu huku na huku, wakatia vyuma, na vyuma vinavutwa na mawe yanayoning'inia nyuma ya kitanda. Kila baada ya saa tatu wanakuja watu wanne kunigeuza kama soseji kwenye kikaango. Mmoja anaitwa Winston, ananiuliza kila mara, "Upande gani leo, bingwa?" kana kwamba nina la kuchagua. Kuanzia kifuani kwenda chini sihisi kitu. Mikono inainuka kidogo. Vidole havitaki. Daktari husema "tutaona" na huangalia viatu vyake.

Sasa nisikilize. Bwana Ackroyd kamtumia Menna nakala ya ripoti ya refa, nikamlazimisha anisomee. "Mbio ya kumi na moja ilisimamishwa. Mwendeshaji wa kofia ya bluu, A. Prosser, ameenguliwa kwa kuwa chanzo cha kusimamishwa. Alikuwa karibu mno na mwenzake na hakumudu chombo chake." Yaani nilikuwa kwenye machela tayari nimeenguliwa! Nilicheka. Kisha sikucheka.

Ninachokumbuka ni mzunguko wa mwisho. Nilimpita yule mpinzani wa kofia nyeupe kwa nje, juu kabisa karibu na uzio wa mbao, pale uliponifundisha kwamba udongo unashika. Watu kama wewe hupita hapo wakiimba. Mimi ilikuwa mara ya kwanza maishani. Nikauona mgongo wako. Nikasema moyoni, tano kwa moja, Alun, wa kwanza na wa pili ni sisi! Baada ya hapo sina kitu.

Kwa hiyo refa kasema kweli. Cheni ikakatika au isikatike, mtu mwenye akili angekuwa ameacha nafasi. Nilikuja kama mwendawazimu. Ningeweza kukuua, Nev. Una mke, una mtoto. Nakuomba radhi. Nimetaka kusema hili tangu nilipoweza kusema.

Mdogo wako,
Alun Prosser

(Mimi Menna. Anarudia jambo hili kila siku, asubuhi na jioni. Tafadhali mjibu vizuri.)


Brackby, 21 Septemba

Alun,

Hakuna cha kuombana radhi. Refa yuko juu kwenye kibanda chake, anaona vumbi na kofia. Ingekuwa mimi nyuma ningefanya vilevile.

Hatuna la ajabu. Tulifungwa ugenini. Nilipata alama saba, si mbaya, si nzuri. Jean wangu anakusalimu, kaoka keki ya matunda nikamwambia hospitali haitaipokea, kwa hiyo nimeila mimi. Binti yetu Tracy kaanza shule ya wakubwa.

Nimechoka kidogo. Nitaandika zaidi wiki ijayo.

Nev


Ofisi ya Klabu, Uwanja wa Brackby
30 Septemba

Nev, mwanangu,

Karatasi ya kijani ya mwisho wa msimu imefika kutoka ofisi ya ligi. Wastani wako wa alama kwa mechi umesimama kwenye nane nukta nne moja. Unakumbuka Juni ulikuwa tisa na zaidi. Umefanya kazi ya uungwana, na mimi si mtu wa kusahau.

Kama nilivyokueleza, wanasema mwakani kikomo cha jumla ya wastani wa waendeshaji wote saba wa timu kitashushwa tena, ili timu kubwa zisitumeze sisi wadogo. Ndiyo maneno yao. Kwangu maana yake ni kwamba kila mmoja akipanda, lazima mwingine aondoke. Nilikuwa siwezi kukubakiza wewe na Alun pamoja. Sasa kwa bahati mbaya ya huyu kijana hesabu imekaa yenyewe, na wewe huendi popote. Mwaka wa kumi na mbili na Brackby! Tutafanya jambo la heshima kwenye mechi ya ufunguzi.

Jingine. Ofisi ya ligi inataka maelezo yako ya maandishi kuhusu mbio ya kumi na moja, kwa ajili ya jalada. Mistari mitatu inatosha. Cheni imekatika, umepoteza mwendo, umesikia kishindo. Usiongeze mapambo. Tuliyozungumza garini mwezi wa sita yalikuwa mazungumzo ya watu wawili, na watu wawili wenye akili hawaandiki mazungumzo yao.

Wako,
Wilfred Ackroyd


Wodi ya Uti wa Mgongo, 12 Oktoba

Kaka Nev,

Uliahidi wiki ijayo, zimepita tatu. Winston anasema labda mkono wako nao umepooza. Hapa ndivyo tunavyotaniana, uzoee.

Jana nilipata mgeni. Mzee Clem, fundi wetu! Kapanda mabasi matatu, kaingia na kofia mkononi kama yuko kanisani. Alikaa nusu saa, akala zabibu zangu zote, akanieleza habari za kila injini aliyoifungua tangu Agosti. Nikamwambia, "Clem, cheni ya Nev uliiona ilivyokatika? Ilikatika wapi?" Akanitazama. "Cheni ipi?" Nikasema, ya mbio ya kumi na moja. Akasema, "Mwanangu, ile pikipiki niliiosha mimi, na cheni niliipaka grisi mimi. Haikukatika popote. Ilikuwa nzima kama siku niliyoifunga." Kisha akaona kasema kisichotakiwa, akavaa kofia, akakumbuka basi lake.

Nev, sasa nimeelewa. Nimekaa na jambo hili tangu jana na Menna kaniona nikilia, hivyo hakuna siri. Hapakuwa na cheni. Uliitunga. Ulimwambia refa cheni ili alaumu chombo, asinilaumu mimi, na hakukusikiliza. Kisha ukaniambia mimi cheni ili nisijue kwamba nilikugonga wewe bila sababu yoyote, wewe ukiwa unakwenda zako vizuri. Umebeba uongo kwa ajili yangu miezi miwili. Ndiyo maana barua zako zimekuwa fupi. Hujui kusema uongo, na mimi nilikulazimisha.

Usifanye hivyo tena. Naweza kuubeba ukweli. Nilikosa, nimelipa, basi. Hata nalala vizuri zaidi tangu nijue. Wewe ni mtu bora kuliko wote niliowahi kukutana nao kwenye mchezo huu.

Mdogo wako,
Alun


Brackby, 19 Oktoba

Dada Menna,

Hii ni yako, si yake. Usiisome kwa sauti. Isome kwanza peke yako, halafu utajua la kufanya, maana mimi sijui.

Kila ninachomwandikia Alun kinapita kinywani mwako. Nimejaribu kuandika ukweli nikaona ni wewe utakayeutamka, umeinama juu ya kitanda chake, naye hawezi hata kugeuza uso. Nikaacha. Lakini baada ya barua yake ya wiki iliyopita siwezi kuacha tena. Ananishukuru. Menna, ananishukuru!

Cheni haikukatika. Clem kasema kweli.

Mwezi wa sita Bwana Ackroyd alinirudisha nyumbani kwa gari lake baada ya mechi ya ugenini. Akaniuliza, "Nev, una wastani gani?" Nikasema tisa na kitu. Akasema, "Ndilo tatizo." Akaeleza habari za kikomo. Alisema Alun anapanda haraka, mwisho wa msimu atakuwa na wastani wa saba, na nikibaki juu ya tisa hataweza kutuweka wote kwenye orodha moja. "Atakayeondoka ni wewe," akasema. "Una miaka thelathini na mbili. Ligi itakuweka kwenye orodha ya wanaohamishwa, na anayekutaka yuko mbali, saa sita za barabara. Kiwanda kitakuruhusu?" Nikasema hapana. Akaendesha mpaka tukakaribia nyumbani. Kisha akasema, "Mtu hupoteza alama moja hapa, mbili pale. Hakuna anayeona. Tukiwa tunaongoza mechi, nani atalia?"

Nikashuka, nikamtakia usiku mwema. Lakini Jumapili iliyofuata nilifanya.

Ni rahisi mno. Pikipiki zetu hazina breki, unajua. Ukitaka kupunguza mwendo unafunga mafuta tu. Unafunga kidogo kwenye kutoka kona, kama mtu aliyeteleza, mtu wa timu pinzani anapita, watu wanasema Garside anazeeka. Nilifanya hivyo Juni yote na Julai. Nilijiambia nafanya ili nibaki na Alun. Nilijiambia hata kwamba nafanya kwa ajili yake, maana nilimfundisha kila kona ya uwanja ule na nilitaka nimwone akiwa bingwa na jezi yetu.

Tarehe kumi na saba Agosti tulikuwa mbele kwa alama kumi. Mbio ya kumi na moja niliongoza tangu utepe wa kuanzia uliporuka. Mzunguko wa mwisho nikasikia injini nje yangu, karibu. Nikajua ni yule wa kofia nyeupe, kwa sababu Alun alianza vibaya, alikuwa wa nne, na Alun hajawahi kumpita mtu kwa nje. Nikasema, haya, mpe. Nikafunga mafuta.

Haikuwa kofia nyeupe.

Ningeangalia nyuma mara moja tu ningeiona bluu. Ningeacha mkono wangu wazi tungemaliza wa kwanza na wa pili. Alikuwa anaendesha vizuri kuliko nilivyowahi kumwona mtu akiendesha pale. Hakukosa chochote. Gurudumu langu lilisimama mbele yake kama ukuta.

Nilipofika kwa Clem simu ya refa ilikuwa inalia. Akauliza, "Garside, kumetokea nini?" Nikasema cheni. Lilinitoka kabla sijafikiri. Wakati wanamwingiza Alun kwenye gari la wagonjwa, taa ya kutupa dakika mbili za kujipanga iliwashwa, mbio irudiwe, na nilipanda pikipiki yangu ya pili nikairudia. Nilimaliza wa pili. Hata hapo, Menna. Hata hapo mkono ulifunga wenyewe.

Ofisi ya ligi inangoja maelezo yangu. Sijapeleka. Nakuachia wewe uamue kama asomewe au asisomewe. Ukisema nikae kimya nitakaa kimya maisha yangu yote.

Neville Garside


27 Oktoba

Neville,

Nimesoma barua yako ndani ya gari, kwenye maegesho ya hospitali. Nilipomaliza niliifungia kwenye kisanduku cha gari. Kisha nikanawa uso nikaenda kumlisha ndugu yangu chakula cha mchana, viazi vya kupondwa na mchuzi, kijiko kwa kijiko, na yeye ananisimulia jinsi wewe ulivyo mtu mwema.

Sikumsomea.

Unasema unaniachia mimi niamue. Sikiliza ulichofanya. Miezi miwili mzigo ulikuwa wako na ulikuelemea, sasa umeufunga kwenye bahasha ukaubandika stempu ukanitumia mimi. Nisipomwambia, mimi ndiye mwongo. Nikimwambia, mimi ndiye niliyemwambia. Wewe uko Brackby unachomelea mabomba. Hapana, Neville. Sikuwa garini na Ackroyd.

Mimi ni mpishi wa shule, sijui mambo ya wastani na vikomo. Nimeacha kazi yangu, nimepanga chumba mtaa wa nyuma ya hospitali. Mama yetu yuko Llanfedw na hawezi kusafiri, na kila Jumatano naongea naye kwa simu nikimwambia Alun anaendelea. Nawajua watu wa mchezo wenu tangu Alun ana miaka kumi na sita. Mnapenda kusema ninyi ni familia. Aliyekuja hapa ni fundi mmoja mzee, kwa mabasi matatu.

Utafanya mambo mawili. La kwanza, utaiandikia ofisi ya ligi maelezo hayo hayo uliyoniandikia mimi, pamoja na habari za garini na alichosema huyo promota wenu. Ripoti inasema ndugu yangu hakumudu chombo chake. Ataishi na shingo iliyovunjika, lakini hataishi na sentensi hiyo.

La pili, tarehe saba Novemba wanamtoa vyuma. Nitampa wiki chache azoee kukaa kwenye kiti. Kisha utakuja, utamwambia kwa mdomo wako, na mimi nitakuwa nje ya mlango. Nitakuandikia siku.

Usinijibu.

Menna Prosser


Ofisi ya Klabu, Brackby
24 Novemba

Bwana Garside,

Nimeitwa na kamati ya ligi kusomewa barua yako. Ungeweza kunipigia simu kabla. Miaka kumi na moja nimekuweka kwenye orodha yangu, misimu mingine mguu wako ukiwa kwenye plasta.

Nimewaambia sikumbuki mazungumzo ya aina hiyo. Nimewaambia nilikupa tahadhari kuhusu kikomo, kama kila promota nchini anavyofanya, na ulilolifanya na mkono wako wa mafuta ulilifanya mwenyewe. Wamekubali. Leseni yako imefungiwa mwaka mzima. Ripoti ya refa inarekebishwa, nakala itatumwa kwa Prosser. Mimi nimepewa karipio.

Utapenda kujua kwamba mkutano mkuu wa mapromota ulipiga kura juzi. Kikomo hakitashushwa. Kimeachwa pale pale kilipokuwa. Ningeweza kuwabakiza nyote wawili, na wastani wako wa tisa.

Wala haina maana tena. Mwenye kiwanja kauza. Januari wanaanza kubomoa jukwaa, patajengwa duka kubwa na maegesho. Nilijua tangu Septemba kwamba kuna mazungumzo, nikatumaini hayatafika. Nimetafuta uwanja mwingine, hata ule wa mbio za mbwa huko Thorle, majirani wakakataa kwa sababu ya kelele. Nafasi yetu nimeirudisha kwa ofisi ya ligi, klabu haipo tena. Waendeshaji watano waliobaki wamewekwa kwenye orodha, wachukuliwe na anayewataka. Doreen kaja kuchukua birika lake.

Sina nia ya kuendelea na mawasiliano haya.

W. Ackroyd


Wodi ya Uti wa Mgongo, 21 Desemba

Neville,

Menna anaandika, na nimemwambia aandike kila neno, asiweke nukta.

Ni wiki mbili tangu uje. Kesho yake Winston aliniuliza upande gani leo, nikamtukana, akanigeuza polepole kuliko kawaida, akakaa nami mpaka zamu yake ikaisha. Kisha nikaanza kulipanga.

Nilikuuliza swali moja tu siku ile. Nilikuuliza, "Kabla hujafunga mafuta, nilikuwa nakupita?" Ukasema, "Ndiyo. Ungenipita kabla ya mstari." Nataka ujue kwamba hilo nimeliweka. Lingine lote sijui niliweke wapi.

Karibu miezi mitatu nilikuwa na kosa langu. Nilikuwa na hakika kwamba nilijivunja mwenyewe, kwa kasi yangu na ujinga wangu, nikiwa nafanya kitu ninachokipenda. Huwezi kujua jinsi hilo lilivyonisaidia. Lilikuwa jambo la mwisho nililolifanya kwa mikono yangu, na hata kama lilikuwa baya lilikuwa langu. Ulipokuja ukalichukua. Sasa najua nimelala hapa kwa sababu watu wawili walikuwa garini wakipunguza nukta za wastani. Mimi sikufanya lolote. Niliendesha vizuri, ndiyo kosa.

Menna anasema ulifanya haki kuja. Mimi bado nabishana naye. Kuna asubuhi naona ungeniacha na cheni yako. Kuna asubuhi namwona Clem amevaa kofia yake anakimbilia basi, nami nabaki peke yangu nikikushukuru wewe, na nasikia aibu mpaka masikio yanawaka, na hapo naona bora ulivyosema.

Karatasi ya ofisi imefika. Kuenguliwa kwangu kumefutwa. Wameandika kwamba "mwendeshaji Prosser hakuwa na lawama". Menna alitaka kuibandika ukutani nikakataa. Iko kwenye droo pamoja na soksi.

Nimesikia uwanja unabomolewa. Nilidhani nitalia, sikulia. Nilisikitika kwa Doreen.

Usiniulize kuhusu kusamehe. Mchungaji wa hospitali kaja mara mbili na neno hilo, nimemfukuza mara mbili. Mwezi wa pili wananihamishia nyumba ya kufundishwa kuishi, ndivyo wanavyoiita. Watanifundisha kusukuma kiti kwa viganja na kula na uma uliofungwa mkononi. Nina miaka ishirini na mbili. Daktari kasema naweza kuishi mpaka sitini. Alidhani ananifurahisha.

Jambo moja tu nataka kulisema, na ndilo lililofanya nimwite Menna leo na kalamu. Siku ile, ulipomaliza kunijibu, uso wako ulianza kuvunjika, ukasema "samahani", ukatoka. Nilikusikia ukilia kwenye korido. Nilisikia nesi anakuletea chai, anakuambia kaa, kaa mpenzi, kunywa. Nilisikia viatu vyako vinakwenda mpaka mwisho, na mlango. Mimi nilibaki pale pale uliponiacha, na yote uliyoyasema yakiwa yamenilalia kifuani, siwezi kusogea hata inchi moja kuyakwepa.

Sijui kama nataka uje tena. Siku nyingi sitaki. Lakini ukija, vua koti, uvute kiti mpaka hapa karibu nikuone, na hata ikiwa vigumu namna gani usitoke, mpaka kengele ya wageni ipigwe.

Alun Prosser